Maji ya samaki na maji ya udhu

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa juu ya kigoda mlangoni mwa bafu, mikono ya gauni ameikunja hadi viwikoni, akisubiri. Adhana ya Adhuhuri ilikwisha kusikika kutoka msikiti wa mtaani kwetu, hapa Bigwa, chini ya safu ya Uluguru. Pipa lilikuwa tupu. Ndoo zilikuwa tupu. Bomba halikuwa limetoa hata tone tangu siku mbili nyuma, kwani ulikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kimekaza na maji yanatoka kwa mgao. Binti yetu mkubwa alitumwa mbio kwa jirani, akarudi na birika moja. Bibi yake akatawadha kwa birika hilo taratibu, kiungo baada ya kiungo, akaswali, akaja kula pamoja nasi, wala hakusema neno.

Mimi nilijua maji yamekwenda wapi. Asubuhi ile, kama ilivyokuwa desturi yangu kila Jumamosi, nilichota kutoka pipani madumu matatu na nusu ya lita 20, nikayamimina katika tangi la samaki lililoko sebuleni. Maji ya zamani, lita 70, niliyamwaga uani.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu samaki na tangi lao, na jinsi ya kulijengea tangi la pili chini yake ili maji yasafike bila kumwagwa kila wiki. Lakini nisingelijenga tangi hilo la pili kama si kile kigoda cha mlangoni mwa bafu, kwa hiyo sina budi kuanzia hapo.

Kufuga kiumbe kwa ajili ya kuburudika si jambo geni katika dini yetu. Wengi tunaikumbuka habari ya mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), mtoto aliyekuwa na kindege chake, na kindege kile kilipokufa Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwa kumuuliza habari zake kwa upole. Wanazuoni wametoa katika Hadithi hiyo ruhusa ya mtoto kuwa na ndege wa kucheza naye, maadamu ndege haonewi. Mimi niliishika ruhusa, nikaliacha sharti lisubiri.

Awali nilitamani bahari. Nilikwisha kuona picha za watu wa Ulaya na Marekani waliofuga matumbawe hai ndani ya nyumba zao, na moyo ukaniambia kwamba sisi tulio jirani na Bahari ya Hindi tungeyapata kwa urahisi zaidi. Lakini tumbawe ni kiumbe hai, nalo ni makazi ya viumbe wengine. Matumbawe ya pwani yetu yamekwisha kupigwa baruti na wavuvi haramu na kuchomwa na joto la bahari. Sikuona uhalali wa kuyaongezea adui mwingine kutoka Morogoro. Nikageukia maji baridi. Kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam nilinunua mbuna 24, samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa, wenye rangi ya samawati na manjano. Nilisafiri nao kwa basi ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, nao wakafika wote wakiwa hai.

Katika wiki tatu za mwanzo walikufa tisa. Binti yetu mdogo, aliyekuwa darasa la sita, alimtazama yule wa tisa akielea ubavu juu, akaniuliza, "Baba, tumewaua sisi?" Nilimjibu kwamba ajali ni kazi ya Mungu. Halikuwa jibu la kweli. Tumesomeshwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia chakula. Wameipokea Bukhari na Muslim. Aliyemfungia kiumbe amechukua dhamana ya yote ambayo kiumbe huyo angeyapata akiwa huru. Samaki akiwa huru hupata ziwa zima la kumsafishia maji. Mimi nilimfungia katika kioo cha urefu wa sentimita 120, upana 40 na kimo 50, nikadhani kwamba kumlisha kunatosha.

Nilikuja kufahamu baadaye sababu ya vifo vile. Samaki hutoa amonia katika matamvua yake na katika kinyesi chake, na chakula kinachobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu kwake. Katika mto na ziwa wapo bakteria waishio juu ya mawe na mchanga, ambao huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu; kisha bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo sana, na mimea huinyonya kama mbolea. Katika tangi jipya bakteria hao hawapo kwa wingi. Huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Mimi niliwaweka samaki 24 kwa siku moja, nikawalisha mara tatu kwa siku kwa mapenzi, na maji yakageuka sumu huku yakionekana maangavu kama kioo chenyewe.

Hata bakteria walipoenea, naitreti iliendelea kujikusanya, kwa kuwa hapakuwa na mmea wa kuinywa. Nilijaribu kupanda majani, mbuna wakayala na kuyang'oa kwa siku mbili. Dawa iliyobaki ilikuwa ile ya Jumamosi: kumwaga theluthi ya maji na kuweka mapya. Na maji mapya yalipaswa kuwa yamekaa pipani wazi kwa siku nzima au zaidi ili klorini ipungue, maana klorini inayotufaa sisi kwa kuua vijidudu huwaua wale bakteria na kuunguza matamvua ya samaki. Ndiyo sababu niliyalenga maji ya pipa. Yalikuwa yamekwisha kukaa.

Usiku wa ile Jumamosi ya kigoda, mama yake alipokwisha kulala, mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, samaki sikukatazi. Nakuuliza jambo moja tu. Nani anachota?"

Sikuwa na la kujibu. Maji ya mgao hufika kwetu saa tisa au saa kumi za usiku, kabla ya Alfajiri, na huja kwa nguvu ya uzi. Aliyekuwa akiamka kuyakinga, ndoo kwa ndoo, kutoka bomba la uani hadi pipani, alikuwa yeye, na siku nyingine binti yetu mkubwa kabla hajajiandaa kwenda shule. Mimi niliyakuta yamejaa. Nilikuwa nikipima joto la maji ya samaki kwa kipimajoto, na chakula chao kwa kijiko, nisipime hata mara moja kazi ya mikono iliyoyafikisha pale. Tunahadithiwa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, kiasi ambacho hakifiki lita moja. Lita 70 nilizokuwa nikizimwaga uani kila Jumamosi zingeitosha nyumba yetu ya watu sita udhu wa siku mbili na zaidi, hata kama kila mmoja angetawadha upya kwa kila swala. Na hapo sijasema kupika.

Kesho yake niliamua kuwaachia samaki mtoni. Nilijiambia kwamba huo ndio uadilifu. Kabla sijafanya hivyo nilipanda mlimani kumwona mjomba wa mke wangu, ambaye ni kaka wa mama mkwe, anayelima juu kidogo ya njia iendayo Morningside. Kwa Waluguru mjomba si jamaa wa pembeni. Jambo la nyumba lisipofika kwake halijaisha.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu amekwisha kunieleza. Hakukulaumu. Alisema lile birika lilimtosha."

Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama. Nikamweleza nia yangu ya kuwaachia samaki katika Mto Morogoro. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza samaki hao wametoka wapi. Nilipomwambia Ziwa Nyasa, alitikisa kichwa. "Mto huu una wenyewe," alisema. "Wewe huwezi kuwapa wageni nyumba ya watu wengine kwa sababu wewe umechoka kuwatunza."

Mzee huyu hajasoma elimu ya viumbe, lakini alisema kweli ambayo nchi yetu imeilipia gharama. Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, naye akaja kuwala furu, ambao wengi wao hawakuwa wakipatikana mahali pengine popote duniani, na aina nyingi zikatoweka. Anayemwaga samaki wa kigeni mtoni hana hakika anamwaga nini. Mlango huo ukafungwa. Samaki walikuwa dhamana yangu, na maji yalikuwa haki ya watu wangu, na nilipaswa kuzitimiza zote mbili.

Kabla sijashuka mjomba alinichukua hadi bondeni kwake. Juu yetu ulikuwa msitu wa Lupanga, kilele kinachozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, hugonga mlima huu, hupanda, hupoa na kuwa ukungu na mvua. Miti ya msituni huushika unyevu huo, na udongo huuachia kidogo kidogo hata katika miezi ambayo mjini hakunyeshi. Ndiyo maana vijito vya Uluguru havikauki kirahisi, na ndiyo maana Mto Ruvu, unaoanzia katika milima hii, huwanywesha watu wa Dar es Salaam ambao wengi wao hawajapata kuuona mlima wenyewe.

Katika kijito cha bondeni, wanawake walikuwa wakifua upande wa juu, na maji yalishuka yakiwa na rangi ya maziwa. Yalipofika penye tambarare yaliingia katika shamba la magimbi, lenye majani mapana na mizizi iliyokita katika tope. Hapo maji hayakuenda mbio tena. Yalitawanyika, yakazunguka mashina, yakapita polepole, na upande wa chini yakatoka maangavu. Hayakuwa maji ya kunywa bila kuchemshwa, lakini hayakuwa yale yaliyoingia.

"Maji yakienda mbio hubeba uchafu," mjomba alisema. "Yakipumzika huuacha."

Nilisimama pale kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulisoma jambo hilo bila kulielewa. Wale wafugaji wa matumbawe niliowaonea wivu wana desturi ya kuweka tangi la pili chini ya tangi kubwa, ndani ya kabati. Maji hufurika kutoka juu, hushuka kwa bomba, hupita katika vyumba vya tangi la chini, kisha pampu huyarudisha juu. Chumba kimojawapo huachwa kwa ajili ya mwani na vidudu vidogo, mbali na midomo ya samaki. Mwani hunyonya naitreti ukakua, na mfugaji akiuvuna hutoa uchafu majini bila kumwaga maji. Chumba hicho wamekipa jina la Kilatini lenye maana ya kimbilio. Ni neno zuri. Nilidhani ni anasa ya watu wenye bahari ndani ya nyumba. Kumbe ni shamba la magimbi la mjomba.

Niliporudi nilimweleza mke wangu nia yangu, nikaongeza ahadi mbili: maji nitachota mwenyewe, na mpaka tangi la chini likamilike maji ya samaki yatatoka katika dumu langu, si katika pipa. Tena nikampa rafiki yangu mwenye tangi kubwa mbuna watano, wakabaki kumi. Kupunguza samaki ni hatua ya kwanza, nayo haina gharama. Samaki wakiwa wachache na chakula kikiwa kidogo, uchafu nao huwa mdogo, na hakuna chombo kinachoweza kuufidia ulafi wa mfugaji.

Tangi la chini nililitengeneza kwa msaada wa fundi wa vioo. Urefu wake ni sentimita 80, upana 35, kimo 40, yaani lita 112 likijaa pomoni. Tuligawa ndani kwa vioo viwili vilivyogandishwa kwa silikoni isiyotiwa dawa ya ukungu, tukaacha ikauke hadi harufu yake ya siki ikaisha kabisa. Chumba cha kwanza hupokea maji kutoka juu. Humo mna sponji nene la kukamata chembe, nalo huoshwa kila wiki kwa maji yaleyale ya tangi, si ya bomba, ili bakteria wasiuawe. Chumba cha kati, kilicho kikubwa kuliko vyote, ndicho kimbilio. Cha mwisho ni cha pampu ndogo.

Katika tangi la juu fundi alitoboa tundu karibu na ukingo, akatia bomba la plastiki la kufurikia. Anayetaka kufanya hivi aulize kwanza kama kioo chake kimekaushwa kwa moto, maana kioo cha namna hiyo hupasuka vipande vipande kikitobolewa. Kabati nalo liwe imara, liwekwe sawa kwa pima maji, kwani matangi mawili yenye maji na mawe hupita kilo 300.

Katika kimbilio nilitandaza changarawe, nikapanda miche mitatu ya magimbi aliyonipa mjomba, na mnanaa ubavuni. Kabati letu liko chini ya dirisha la mashariki, kwa hiyo nililiondoa ubao wa nyuma jua likaingia. Asiye na dirisha atahitaji taa. Mbuna hawafiki huko, na majani hayaliwi. Zaidi ya hayo, maji yetu ya milimani ni mepesi, hayana chokaa nyingi, ilhali Ziwa Nyasa lina maji mazito kidogo. Nilitia katika chumba cha kwanza mfuko wa wavu wenye makombe ya baharini yaliyooshwa vizuri, nayo huyeyusha chokaa taratibu. Hicho ndicho kipande changu cha bahari.

Tukawasha pampu siku ya Alhamisi. Maji yalishuka, yakapita magimbini, yakapanda. Nilifurahi mno. Ijumaa usiku nikatoka kwenda kuswali Isha msikitini, na tulipokuwa katika rakaa ya pili umeme ukakatika. Niliporudi nilimkuta mke wangu sebuleni na tochi, miswala miwili imelowa, kapeti linachuruzika, na maji yamefika chini ya kabati la vitabu. Msahafu ulikuwa rafu ya juu, alhamdulillah.

"Safari hii samaki wametumwagia wao," mke wangu alisema. Sikujua kama anacheka.

Aliyeligundua kosa alikuwa binti yetu mdogo. Asubuhi alichukua daftari, akapima. Mdomo wa bomba la kurudishia maji niliuzamisha sentimita kumi chini ya uso wa maji. Pampu ilipozimika, maji yalirudi nyuma kupitia bomba hilohilo, yakajivuta yenyewe kama mtu afyonzavyo petroli kwa mpira, na hayakukoma hadi uso ulipoteremka ukafika penye mdomo wa bomba. Akazidisha: 120 mara 40 mara 10, ni lita 48. Tangi la chini nililijaza lita 90, nafasi iliyobaki ilikuwa lita 22. "Lita 26 zilikuwa hazina pa kwenda, baba," alisema, "zikaenda kwenye kapeti."

Tulirekebisha kwa mambo mawili. Kwanza, tulitoboa tundu dogo katika bomba la kurudishia, sentimita moja tu chini ya uso wa maji. Umeme ukikatika, uso ukishuka sentimita moja, tundu hufyonza hewa na mvuto hukatika. Hurudi lita tano au sita tu. Tundu hilo husafishwa kila wiki, maana utelezi wa kijani hulizibia. Pili, tulipiga mstari wa rangi katika tangi la chini penye lita 80, maji yasiupite mstari huo hata siku moja. Kisha tukazima na kuwasha swichi mara kumi makusudi, sote sita tumesimama tukitazama, wala halikumwagika tone. Tangu hapo nimenunua pia pampu ya hewa ya betri, kwa usiku ambao umeme hukawia kurudi, ili samaki wasikose pumzi.

Majuma sita yalihitajika kabla tangi halijatulia. Katika muda huo nilipima amonia na naitreti kwa vipimo vya matone, nikaandika kila Jumamosi. Magimbi yalidumaa kwanza, kisha yakashika. Mnanaa ukafurika nje ya kabati. Sasa hesabu yetu ni hii. Kila wiki mbili natoa dumu moja la maji, lita 20, nayo hayamwagwi bali hunyweshwa mchicha na migomba uani, kwa kuwa ni maji ya mbolea. Juu ya hayo naongeza lita moja hivi kila siku kufidia yanayopaa, kwani tangi la juu nimelifunika kwa kioo. Kwa wiki mbili ni lita 34 au zaidi kidogo, badala ya lita 140 za zamani. Wakati wa masika hatutumii maji ya bomba kabisa; tunakinga ya paa, ambayo hayana klorini. Tangu tangi lilipotulia hajafa samaki hata mmoja, na wawili wamezaa.

Sitaki msomaji adhani kwamba bomba na pampu ndivyo vilivyotengeneza mambo nyumbani kwetu. Ningeweza kuwa na tangi la chini lililo bora kuliko hili na bado mke wangu akaamka saa tisa za usiku peke yake. Israfu tunaifahamu kuwa ni kumwaga kitu bure. Nimejifunza kwamba ipo nyingine, ya kutumia jasho la mtu wa nyumbani kama kwamba limetoka bombani. Tangu mwezi ule wa Septemba nimekuwa mimi ninayeamka. Nimegundua kwamba dumu la lita 20 lililojaa, likibebwa hatua 30 gizani, ni zito kuliko nilivyodhani, na kwamba muda wa kulisubiri lijae unatosha kwa adhkari nyingi.

Mjomba alishuka mwezi Mei, mvua za masika zikielekea ukingoni. Mito ya mji wetu ilikuwa myekundu kwa udongo wa mashamba ya miteremkoni. Alichuchumaa mbele ya kabati, akatazama magimbi yake yakiwa yamesimama majini, akagusa jani. Aliniuliza kama nitakuja kumsaidia kupanda mengine katika ukingo wa kijito, ambako mtu mmoja amefyeka hadi majini ili alime mboga. Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, pamoja na binti zangu, tukapanda mistari mitatu, na yule mkulima baada ya kuzungumzwa naye kwa wema akaturuhusu tuendelee hadi mpaka wa shamba lake.

Mama mkwe naye huja kama zamani. Huomba chai ya mnanaa wa kimbilio, nasi huuosha vema kabla ya kuutia birikani. Hukaa mbele ya kioo, huwahesabu mbuna, na hupenda kuusikia mlio wa maji yashukayo. Bafuni tumeweka pipa dogo lenye kifuniko, na binti yetu mdogo ameliandika kwa rangi nyeupe: Maji ya udhu. Nikiamka usiku kukinga maji, hilo ndilo ninalolijaza kwanza. Kisha najaza la jikoni, kisha la kufulia. Dumu la samaki hujazwa mwisho, na maji yakikatika kabla ya zamu yake, samaki husubiri hadi kesho. Kwa sasa wanaweza kusubiri.